Ridhaa na Ujira: Wanamichezo wa Afrika Mashariki katika Njia Panda

Mtu atokaye katikati ya mji wa Dar es Salaam kwa barabara iendayo Pugu huupita kwanza uwanja wa ndege, kisha Banana, halafu akaingia Ukonga. Nyumba za watu leo zimejaa kotekote, lakini mambo mawili yaliyoupa mtaa huo sifa ya zamani yako palepale: gereza, na kambi ya kikosi cha anga cha Jeshi la Wananchi. Juu ya paa za nyumba ndege hupita mchana na usiku, zikileta watu na kuchukua watu, wala wenyeji hawainui tena macho kuzitazama. Gereza, kambi na ndege ni vitu vitatu ambavyo kwa fikira za haraka havina undugu na michezo. Walakini mwenye kuichunguza historia ya wanamichezo wa Afrika Mashariki tangu nchi hizi zipate uhuru ataona kwamba wengi wa waliopata jina kubwa duniani walipita katika mlango mmojawapo wa milango hiyo. Ama walivaa sare ya serikali wakala mshahara wake, ama walipanda ndege wakaenda kutafuta elimu na riziki ng'ambo. Wako pia waliopita kotekote.

Lugha ya Kiswahili ina jina zuri kwa mwanamichezo asiyelipwa: huitwa mwanamichezo wa ridhaa. Neno hili ni zito kuliko wenzake wa lugha nyingine. Ridhaa ni kukubali kwa moyo, ni idhini ya mtu mwenye nafsi yake. Mchezaji wa ridhaa, kwa maana ya neno lenyewe, ni yule aliyeridhika kucheza pasipo ujira. Mkabala wake yuko mchezaji wa kulipwa, ambaye mguu wake au mkono wake umekuwa chombo cha kazi kama jembe la mkulima na randa ya seremala. Kati ya majina hayo mawili pana njia panda, na vijana wengi wa Afrika Mashariki wamesimama hapo wakiulizwa washike njia ipi. Swali linalostahili kutafitiwa ni hili: ridhaa hiyo ilikuwa ya nani? Je, walioitwa wa ridhaa waliridhika kweli, na walioitwa wa kulipwa walichagua kweli, au kulikuwa na mikono mingine iliyowachagulia?

Yafaa kuanza na sare. Katika miaka ya 1960 na 1970 sheria za riadha za dunia zilimkataza mkimbiaji kupokea fedha kwa sababu ya mbio zake. Sheria hiyo ilitungwa Uingereza katika karne ya 19 na watu wenye mali, ambao kwao michezo ilikuwa burudani ya jioni, na mtu wa kazi za mikono hakutakiwa katika safu zao. Ilipofika Afrika Mashariki ilikuta vijana wa wakulima na wafugaji. Kijana wa namna hiyo akikimbia kutwa nzima pasipo ujira, nani atamlisha? Jibu lilipatikana katika majeshi. Kipchoge Keino alikuwa askari polisi wa Kenya. Ben Jipcho alikuwa mtumishi wa magereza ya nchi hiyohiyo. Filbert Bayi, mwana wa Karatu, alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Walipokea mshahara wa polisi, wa magereza na wa jeshi, wakapewa nafasi ya kufanya mazoezi, na kwa sheria za riadha wakabaki wa ridhaa. Hila hii haikuwa ya Afrika peke yake, kwani nchi za Ulaya ya Mashariki nazo ziliwaandika wanamichezo wao jeshini. Ilikuwa hila ya lazima, na iliwafaa wengi. Lakini ilikuwa na sharti moja lisiloandikwa popote: mwenye kumvika mtu sare ndiye mwenye kauli juu ya safari zake.

Tarehe 2 Februari 1974, katika mji wa Christchurch huko New Zealand, palikimbiwa fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bayi, ambaye umri wake ulikuwa miaka 20, hakungoja mzunguko wa mwisho kama ilivyokuwa desturi ya wakimbiaji wa siku zile. Alitoka mbele tangu bunduki ilipolia, akawaacha wenzake nyuma kwa masafa ambayo watazamaji waliyaona kuwa ni ya ujinga, wakangoja achoke. Hakuchoka. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaivunja rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun iliyokuwa imedumu tangu 1967. John Walker wa New Zealand alikuwa wa pili, naye pia aliipita rekodi ya zamani. Wa tatu alikuwa Ben Jipcho, ambaye katika michezo hiyohiyo alishinda mita 5000 na mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji.

Wanaume wawili wa Afrika Mashariki, askari wa jeshi na mtumishi wa magereza, walisimama basi katika jukwaa moja. Mwaka haukuisha kabla njia zao hazijaachana. Nchini Marekani, mwishoni mwa 1972, kilikuwa kimeundwa chama cha riadha ya kulipwa, na mkuu wake aliitwa Michael O'Hara. Chama hicho kiliwakusanya wakimbiaji mashuhuri, kikawazungusha mji hata mji wakishindana mbele ya watu waliolipa kiingilio, na mshindi alipewa fedha waziwazi. Keino alijiunga nacho mwaka 1973, naye kwa wakati huo alikuwa ametimiza miaka zaidi ya 30 na amekwisha shinda medali mbili za dhahabu za Olimpiki, moja Mexico mwaka 1968 na nyingine Munich mwaka 1972. Kwake yeye mlango wa ridhaa ulikuwa umekwisha mpa karibu yote uliyokuwa nayo. Mwaka 1974 Jipcho alimfuata.

Uamuzi wa Jipcho ulikuwa mgumu zaidi kuliko wa Keino. Alikuwa na medali ya fedha ya Munich lakini hakuwa na dhahabu ya Olimpiki. Huko Mexico mwaka 1968 yeye ndiye aliyekwenda mbio mwanzoni mwa fainali ya mita 1500 ili kumchosha Ryun, na Keino akapata ushindi. Jipcho mwenyewe akamaliza nyuma. Mwaka 1973 aliivunja rekodi ya dunia ya mbio za viunzi na maji. Kwa hiyo alipotia saini mkataba wa kulipwa alikuwa juu kabisa ya uwezo wake, na alijua kwamba sheria ingemfungia milango ya Olimpiki ya 1976. Alichagua fedha ya yakini akaacha medali ya matumaini. Katika mashindano ya chama kile alikuwa miongoni mwa waliovuna zaidi. Chama chenyewe, hata hivyo, hakikudumu. Watazamaji walipungua, na mwaka 1976 kikavunjika. Wakimbiaji wake walijikuta hawana mwajiri mpya wala ruhusa ya kurudi katika kundi la ridhaa.

Bayi alibaki katika sare. Tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaica, alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51, akaipokonya rekodi nyingine ya Ryun. Miezi mitatu baadaye Walker aliipunguza rekodi hiyo hata kufika chini ya dakika 3 na sekunde 50. Dunia nzima ikangoja wawili hao wakutane Montreal katika Olimpiki ya 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na Tanzania ikawa mbele kati ya nchi za Afrika zilizosema kwamba hazitashiriki pamoja na New Zealand. Nchi zaidi ya ishirini zilikosekana katika michezo ile. Walker alishinda dhahabu ya mita 1500 kwa mwendo uliokuwa wa polepole kuliko ule wa Christchurch kwa sekunde zipatazo 7.

Hapa msomaji atajaribiwa kufanya hesabu ya duka: Jipcho alipata fedha, Bayi hakupata fedha wala dhahabu, kwa hiyo Jipcho alichagua vema. Hesabu hiyo ina upungufu. Kama Jipcho angalibaki wa ridhaa asingalikwenda Montreal, kwa kuwa Kenya nayo ilikataa kushiriki. Dhahabu aliyoiacha haikuwapo. Lakini wakati wa kuchagua hakuwa na njia ya kuyajua hayo. Na kwa upande wa Bayi, kukataa kwa Tanzania kulikuwa na haki ambayo historia imeithibitisha, maana utawala wa ubaguzi uliangushwa hatimaye, na kutengwa katika michezo kulikuwa silaha mojawapo. Jambo la kuzingatia ni kwamba haki ile iligharimiwa na watu wachache wenye majina. Taifa zima lilisema hapana, lakini gharama ya neno hilo ilitoka katika miguu ya vijana ambao umri wao wa kukimbia ulikuwa unapita. Mwanamichezo wa ridhaa aliridhia kutolipwa, lakini mahali pa kukimbia na wakati wa kukimbia viliridhiwa na wengine.

Mlango wa pili, ule wa ndege, ulifunguka kwa upana katika miaka hiyohiyo. Nchini Marekani michezo ina makao yake ndani ya vyuo vikuu kwa namna isiyopatikana penginepo. Chuo hushindana na chuo mbele ya maelfu ya watazamaji, na walimu wa michezo hulipwa mishahara minono kwa kushinda. Kwa sababu hiyo walimu hao hutafuta vijana kama wafanyabiashara watafutavyo bidhaa bora. Mkataba wao ni huu: chuo kitamlipia kijana ada, malazi, chakula na vitabu, na kijana atakishindania chuo kwa misimu minne. Haruhusiwi kuwa mchezaji wa kulipwa. Siku atakapotia saini ya kulipwa, haki yake ya kukichezea chuo hukoma. Huu ndio mzizi wa swali linalowasumbua vijana wa michezo yote nchini humo, ya kikapu, ya raga ya Kimarekani, na hata ya magongo yanayochezwa juu ya barafu: je, wamalize masomo, au waende wakauze ustadi wao ungali na bei?

Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, mpakani mwa Mexico, kilikuwa miongoni mwa vyuo vya kwanza kuielekea Afrika Mashariki kwa mpango maalumu. Chini ya mwalimu Ted Banks chuo hicho kilitwaa ubingwa wa vyuo katika mbio za nyika mwaka 1975 na 1976, kisha mfululizo tangu 1978 hata 1981. Wakenya walitangulia, Watanzania wakafuata: Suleiman Nyambui, Gidamis Shahanga ambaye alikuwa bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola wa 1978, na Zakaria Barie. Katika jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa nchi, mwalimu John Chaplin aliwachukua Wakenya Samson Kimobwa na Henry Rono. Wamarekani wengine walinung'unika. Walisema kwamba wageni hawa ni watu wazima wanaoshindanishwa na watoto, na kwamba nafasi za masomo zinatolewa kwa wasio wenyeji. Manung'uniko hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, kwani Nyambui alizaliwa mwaka 1953 na alikuwa mtu wa miaka 25 alipoanza kukimbilia El Paso. Lakini walionung'unika hawakuuliza mtu wa miaka 25 alikuwa ameyafuata nini hasa.

Nyambui alilifahamu lengo la safari yake. Akiwa mwanafunzi alitwaa mataji mengi ya vyuo, na mwaka 1980 alikuwa bingwa wa Marekani wa vyuo katika mbio za nyika. Mwaka huohuo, kwa kuwa Tanzania haikuufuata mgomo ulioongozwa na Marekani dhidi ya Olimpiki ya Moscow, yeye na Bayi walikwenda huko. Nyambui alipata medali ya fedha katika mita 5000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Bayi, ambaye kwa wakati huo alikuwa amehamia mbio za viunzi na maji, aliongoza sehemu kubwa ya fainali akapitwa karibu na mwisho na Mpolandi Bronisław Malinowski, naye akapata fedha. Medali hizo mbili ndizo pekee ambazo Tanzania imezipata katika historia yote ya Olimpiki. Msomi mmoja wa El Paso na askari mmoja wa Dar es Salaam: kila mlango ulitoa moja.

Nyambui alipomaliza chuo, sheria za dunia zilikuwa zimeanza kulegea. Mwaka 1982 shirikisho la riadha la dunia liliruhusu fedha za mkimbiaji ziwekwe katika akiba ya amana, na ukuta wa ridhaa ukaanza kubomoka tofali kwa tofali. Yeye akaingia katika mbio za barabarani zenye zawadi, akashinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988. Baadaye alifundisha mbio na kushika ukatibu mkuu wa chama cha riadha cha Tanzania. Maisha yake yanaonyesha utaratibu ambao wengi wangeutamani: elimu kwanza, ujira baadaye, na nyumbani mwisho. Walakini si haki kuusifu utaratibu huo kama kwamba ulikuwa hekima ya mtu mmoja. Nyambui alibahatika pia kwamba ukuta ulibomoka wakati yeye angali na nguvu. Jipcho alizaliwa miaka kumi mapema.

Henry Rono ni ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81: mita 5000, mbio za viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3000. Hajatokea mwingine aliyefanya hivyo katika mbio hizo nne. Lakini mwaka 1976 na 1980 Kenya haikushiriki Olimpiki, kwa hiyo mkimbiaji huyu, ambaye huenda alikuwa bora kuliko wote wa zama zake, hakukimbia Olimpiki hata moja. Chuo kilimhitaji katika msimu wa nyika, msimu wa ndani ya ukumbi na msimu wa uwanjani, na nje ya chuo waandaaji wa Ulaya walimhitaji pia. Yeye mwenyewe ameeleza katika kitabu cha maisha yake jinsi ulevi ulivyomwingia. Miaka mingi iliyofuata aliishi Marekani akifanya kazi za kijungu jiko, akarudi Kenya mwaka 2019, na akafariki Februari 2024. Chuo kilimpa nafasi ya masomo, na yeye akakipa chuo rekodi nne za dunia. Mtu akiiweka mizani hiyo mbele yake ataona ni upande gani uliolemea.

Kati ya Nyambui na Rono hapakuwa na tofauti ya mlango, maana wote wawili walipanda ndege, wote walikuwa wanafunzi, wote waliitwa wa ridhaa. Tofauti kubwa ilikuwa katika kilichobaki mkononi mbio zilipokwisha. Kwa hiyo kuuliza kama ni bora kusoma au kulipwa ni kuuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni kama mwenye kuchagua ana mahali pa kurudi uchaguzi wake ukienda kombo.

Baada ya kizazi hicho swali liliingia katika mchezo mwingine na kwa fedha nyingi zaidi. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Miongoni mwa shule alizosoma ni Makongo, ambayo ni ya Jeshi, na kwa hiyo hata katika habari yake sare haikukosekana kabisa. Alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na miaka ipatayo 15, umri ambao Wamarekani wenzake walikuwa wamekwisha cheza miaka kumi. Urefu wake ulifika futi 7 na inchi 3. Alikwenda Marekani, akamalizia shule ya sekondari Houston, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, ambako kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia mipira ya wapinzani isiingie kikapuni. Kwa kazi hiyo hakuwa na mfano: mwaka 2008 na 2009 alitajwa kuwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo aliyochezea.

Mwaka 2008, baada ya misimu miwili, watu wengi walitazamia kwamba angeondoka akawe wa kulipwa. Alikataa, akarudi chuoni kwa mwaka wa tatu. Uamuzi huo ulimlipa vizuri. Timu yake ilifika nusu fainali ya taifa mwaka 2009, naye akashiriki na mwenzake tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao. Hapo akaamua kuondoka huku amebakiwa na mwaka mmoja. Tarehe 25 Juni 2009 timu ya Memphis ilimteua akiwa wa pili kati ya vijana wote wa mwaka ule, Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi ile kubwa. James Harden aliteuliwa wa tatu, na Stephen Curry wa saba. Wapenzi wa mchezo huo wanajua majina hayo mawili yalikuja kuwa nini.

Safari ya Thabeet haikuwa kama yao. Februari 2010, kabla ya msimu wake wa kwanza kwisha, alipelekwa katika ligi ndogo ya kukuzia wachezaji, na hapakuwa na kijana aliyeteuliwa juu kama yeye aliyewahi kupelekwa huko. Mwaka 2011 akahamishiwa Houston, kisha Portland, kisha Oklahoma City. Mwaka 2014 muda wake katika ligi kubwa ukamalizika, amecheza michezo 224 kwa wastani wa pointi 2.2. Baadaye alicheza Japani na Taiwan. Magazeti ya Marekani yalimweka katika orodha za walioteuliwa vibaya, na mitaani Dar es Salaam walikuwako waliosema kwamba aliharakia fedha.

Lawama hiyo haina msingi. Aliyeteuliwa wa pili angeweza kupanda nafasi moja tu zaidi, na angeweza kushuka nafasi nyingi. Mwaka wa nne chuoni ungaliweza kumletea jeraha la goti, na goti la mchezaji mrefu ni kama shingo ya chupa. Kwa hesabu ya fedha aliuza siku ambayo soko lilikuwa juu kabisa, na familia yake ikapata riziki ambayo mishahara ya maisha yote isingeifikia. Upungufu ulikuwa kwingine. Soko lililipa matumaini, halikulipa ustadi uliokwisha komaa. Kijana aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15 alihitaji muda mrefu wa kujifunza, na ligi kubwa haina subira ya shule. Alikuwa amelipwa kama fundi angali mwanafunzi, na fundi anayelipwa hasamehewi makosa ya mwanafunzi. Hapana shaka kwamba uamuzi uleule mmoja waweza kuwa sahihi kwa mfuko na mgumu kwa kazi, wala hapana mizani ya kupima vyote viwili kwa jiwe moja.

Tangu wakati huo mpaka wenyewe kati ya ridhaa na ujira umehamishwa mara kadhaa. Julai 2021 wanamichezo wa vyuo vya Marekani waliruhusiwa kuuza matumizi ya majina na picha zao. Juni 2025 mahakama iliidhinisha maafikiano yanayoviwezesha vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kila chuo hadi dola zipatazo milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Katika mchezo wa magongo ya barafuni, vijana waliocheza ligi kubwa za vijana za Kanada walihesabiwa kwa miaka mingi kuwa ni wa kulipwa kwa ajili ya posho ndogo waliyopewa, na vyuo viliwafungia mlango. Tangu tarehe 1 Agosti 2025 mlango huo umefunguliwa kwao. Kijana aliyekuwa wa kulipwa jana amekuwa mwanafunzi leo, na hajabadilika hata unywele. Kumbe mpaka uliomtenga Jipcho na Olimpiki mwaka 1974 haukuwa wa maumbile. Ulikuwa mstari uliochorwa na watu juu ya mchanga, na waliouchora ndio wanaoufuta wapendapo.

Walakini kufunguliwa huko hakuwahusu wote sawasawa. Kijana wa Afrika Mashariki huingia Marekani kwa viza ya mwanafunzi, na viza hiyo imemwekea mipaka mikali ya kufanya kazi na kupata mapato. Kwa hiyo fedha ambazo mwenzake mwenyeji anazipokea kwa urahisi, yeye anaweza kuzigusa kwa hofu tu au asiziguse kabisa. Na vijana hao wamekuwa wengi tena. Doris Lemngole wa Kenya, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alabama, alikuwa bingwa wa vyuo wa mbio za nyika mwaka 2024, na mwaka 2025 alikimbia mita 3000 za viunzi na maji chini ya dakika 9, jambo ambalo hapana mwanafunzi wa kike aliyelifanya kabla yake. Kila mmoja wao, kabla ya kumaliza masomo, huulizwa na kampuni za viatu na mawakala swali lilelile walilotangulia kuulizwa wengine.

Basi historia hii inafundisha nini? Neno ridhaa lilitumika kwa muda mrefu kuwaita watu ambao hawakuulizwa. Bayi hakuulizwa kuhusu Montreal, Rono hakuulizwa idadi ya mbio alizoweza kustahimili, na Jipcho aliulizwa swali moja tu lisilo na marejeo. Ridhaa ya kweli haipo pasipo hiari, na hiari haipo pasipo maarifa. Mtu anayechagua bila kujua bei ya anachokiacha, muda wa mkataba anaoutia saini, na mahali atakapofikia akianguka, hajachagua. Amechukuliwa. Katika hilo sare ya gereza, nafasi ya chuo na mkataba wa ligi kubwa vimekuwa ndugu wa tumbo moja: kila kimoja kiliweza kuwa ngazi na kila kimoja kiliweza kuwa kamba, kwa kadiri ya maarifa aliyokuwa nayo mwenye kukishika.

Bayi alipostaafu mbio alianzisha shule, na zinajulikana kwa jina lake, Kimara jijini Dar es Salaam na Mkuza huko Kibaha. Alizijenga pamoja na mkewe. Kwa mtu aliyepokonywa Olimpiki ya ujana wake pasipo kuulizwa, ni tamko zito kuliko hotuba. Amewawekea watoto wa wengine kile ambacho mwanamichezo hukihitaji kabla ya wakala kubisha hodi.

Jioni, katika viwanja vya vumbi vya Ukonga na Gongo la Mboto, wako vijana warefu wanaorusha mpira katika kikapu kisicho na wavu, na wako wengine wanaokimbia kando ya barabara ya Pugu, wakiyapita malori yaliyokwama katika msongamano. Ukuta wa gereza uko upande mmoja, kambi iko upande wa pili, na ndege inashusha magurudumu juu ya vichwa vyao. Mmoja wao pengine ataitwa. Aliyetangulia kuitwa hakuachiwa kitabu cha kumwambia Jipcho alipata nini, Rono alipoteza nini, na Nyambui alirudi na nini. Huyu ajaye hana sababu ya kwenda bila kukisoma.